Uhakiki wa Lugha ya Tahadhari: Kutoka Nyiragongo hadi Mpaka wa Malaba

Wahakiki wetu wamezoea kuzichambua kazi za sanaa na kuwaachia watangazaji taarifa za serikali. Desturi hiyo ina upungufu. Tahadhari ya maafa nayo ni utungo: ina mneni, msikilizaji na lengo, tena ni utungo ambao ukishindwa, msikilizaji hapotezi ladha bali uhai. Makala haya yanauchunguza kwa mifano ya Nyiragongo, mlima wa moto ulio kaskazini ya Goma, na ya Elgon, jirani wa Malaba.

Tuanze na istilahi. Katika jiografia, volkano hugawanywa katika makundi matatu: hai, zilizolala na mfu. Kwa mtaalamu, maneno haya yanahusu jambo moja tu, yaani uwezekano wa mlima kulipuka. Kwa mtawala na raia, 'mfu' ni neno la kutuliza, kwani maiti haimdhuru mtu. Elgon ni volkano mfu. Hata hivyo, tarehe 1 Machi 2010, kufuatia mvua kubwa, udongo wa miteremko yake uliporomoka huko Bududa, upande wa Uganda, ukakifukia kijiji cha Nametsi na kuua mamia ya watu. Hatudai kwamba istilahi ndiyo iliyowaua. Twasema tu kwamba inajibu swali la mwanasayansi, wala si la mkulima, ambaye hutaka kujua kama atalala salama.

Suala la pili ni mneni. Kabla ya mlipuko wa 17 Januari 2002, Dieudonné Wafula, mwanasayansi wa kituo cha volkano cha Goma, ambaye kwa jina msomaji wa Busia angemdhania jirani yake, alitoa onyo. Halikutiliwa maanani, na zaha ikauteketeza moyo wa mji. Jioni ya 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, safari hii bila wananchi kuonywa. Msaada wa fedha uliokuwa ukikitegemeza kituo ulikuwa umekoma mwaka uliotangulia. Mara ya kwanza mjuzi alinena asiwe na mamlaka. Mara ya pili mamlaka yalikuwapo, lakini ujuzi ulikuwa umenyimwa nyenzo.

Siku tano baadaye gavana wa kijeshi, Constant Ndima, aliwaamuru wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma wahame, akisema mlipuko mwingine, nchi kavu au chini ya ziwa, ungeweza kutokea pasipo dalili. Haukutokea. Mhakiki wa haraka atasema tamko lile lilikosea. Sisi hatukubali. Lilikiri kisichojulikana, kisha likataja nani ahame na aelekee wapi, yaani Sake. Tulilinganishe na kauli tuliyoizoea Budalangi, mto Nzoia unapofurika: wananchi wanaombwa wahamie sehemu za juu. Nani anayeomba? Kitenzi cha kutendwa kimemficha. Sehemu zipi za juu, ilhali Budalangi ni tambarare? Kauli hiyo haiwezi kukosea, kwa kuwa haisemi lolote la kupimika; inamkinga msemaji kuliko msikilizaji.

Tatu ni msikilizaji mwenyewe. Dereva anayevuka Malaba na shehena ya Goma atapita katika Kiswahili cha namna nyingi. 'Zaha' ni neno zuri la kamusi, lakini usiku wa hatari atamwelewa upesi zaidi anayemwambia kwamba moto wa mlima unashuka barabarani.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba istilahi za maafa zisipitishwe mezani tu. Zisomwe kwanza Busia na Malaba, mbele ya Wateso, Wasamia na Wakhayo, na kila msikilizaji aulizwe swali moja: ukiyasikia maneno haya usiku, utafanya nini? Asiye na jibu asilaumiwe. Tangazo lirudishwe kwa mwandishi wake.