Shylock na Kielezi "Still"

Likizo hii niko nyumbani Miembeni, Bukoba, na mdogo wangu anasoma The Merchant of Venice kwa Kiingereza, pembeni ameweka Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969. Juzi kaniletea daftari. Alijaribu kutafsiri mwenyewe, bila kuchungulia kwa Mwalimu, yale maneno ya Shylock kwa Antonio katika tendo la kwanza, anapomkumbusha matusi aliyotukanwa pale Rialto. Alipokuta "still" akaandika "bado". Shylock wake bado anavumilia.

"Hapana bwana," nikamwambia.

"Dada, kamusi imesema."

Kamusi imesema kweli, ila kwa Kiingereza cha leo. Enzi za Shakespeare kielezi hicho mara nyingi kilimaanisha "daima", "siku zote". Ndivyo anavyokitumia hata Bassanio mbele ya yale makasha matatu, anapozungumzia jinsi mapambo yanavyouhadaa ulimwengu. Kwake ulimwengu hauhadaiki leo ili uzinduke kesho. Ndivyo ulivyo.

Sasa "bado" yetu ina mwisho unaosubiriwa. Uliza sokoni Bukoba, "Senene?" Ukijibiwa "Bado", huna sababu ya kununa, Novemba yaja. Hata mtu akisema "bado anaumwa", ndani yake mna tegemeo la kupona. Kwa hiyo ukimtia Shylock "bado" mdomoni umempa uvumilivu unaokaribia kwisha, kama mtu anayetishia. Ukimpa "siku zote", unampata mtu aliyezoeshwa dharau mpaka ikawa maisha yake, na ile chuki ya baadaye, ya kudai ratili ya nyama, inapata mizizi. Jamani, hao ni watu wawili tofauti!

Wahakiki hupenda kushika neno "Mabepari" la kwenye jalada: kwa nini si mfanyabiashara, kwa nini wingi, Azimio la Arusha la 1967 limeingiaje Venisi. Ni mjadala mzuri, nami nimeuandikia insha. Lakini siasa ya tamthilia hii imo pia katika vijineno. Hiki kimoja kinagusa swali zima, kama Shylock ni mnyonyaji anayevizia nafasi tu au ni mnyonyaji aliyeonewa pia. Anayesaka matabaka peke yake hukiruka. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilikiruka, tena nikapata alama nzuri.

Mdogo wangu hakukubali yote. Alisema "siku zote" ni ndefu, inauvunja mstari wake. Hapo alinibana kweli, maana mimi naongea maudhui, yeye ameshika fani. Nikamwambia basi ajaribu "daima". Akafuta, akaandika, akasoma kwa sauti, kisha akanyamaza kidogo.

"Mbona sasa anasikika mzee?" akauliza.