Jinsi ya Kupima Albamu ya Nyimbo za Makauboi

Nyimbo za asili za makauboi wa Marekani zilikuwa za mtu mmoja. Kuanzia mwaka 1867 ng'ombe waliswagwa kwa maelfu kutoka Texas hadi kwenye reli ya Abilene, Kansas. Usiku, kundi likishalala, wapanda farasi wawili walilizunguka, mmoja akielekea huku na mwenzake kule. Waliimba polepole ili mifugo isishtuke ikatimka. Hawakuimba pamoja, walipishana tu gizani, kila mmoja na wimbo wake. Mtindo wa kuziimba kwa sauti tatu zilizopangwa ulistawi baadaye, redioni na studioni, hasa baada ya 1933, pale Leonard Slye, aliyekuja kujulikana kama Roy Rogers, alipoungana na Bob Nolan na Tim Spencer huko Los Angeles. Kikundi chao ndicho kilichoitwa Sons of the Pioneers.

Kwa hiyo, nikishika albamu yoyote ya aina hii, swali langu la kwanza ni hili: wimbo wa mtu mmoja umegawiwa watu watatu kwa sababu gani?

Chukua "The Streets of Laredo", wimbo ambao chimbuko lake ni nyimbo za kale za Uingereza na Ireland. Kijana aliyepigwa risasi anamsimulia mpita njia yaliyomfika na kumwagiza namna atakavyozikwa. Kikundi kisichofikiri huimba beti zote kwa sauti tatu, mwanzo hadi mwisho, na kifo cha mtu mmoja kinageuka gwaride. Kikundi chenye akili humwachia mwimbaji mmoja maneno ya anayekufa. Wenzake huingia pale anapowataja wabeba jeneza, kwa kuwa sasa ndani ya wimbo mna watu wengi. Tega sikio wanavyoingia. Sauti ya chini usiisikie ikianza, uje tu kugundua kwamba ipo. Kisha ubeti wa mwisho umrudie yule mmoja, naye asiuharakishe.

"The Old Chisholm Trail" ni kinyume chake kabisa. Beti zake hazina idadi, kila aliyepita njia ile ya ng'ombe aliongeza za kwake, na kiitikio ni cha kelele na furaha. Hapo vifua vifunguke. Nikisikia wimbo huo ukiimbwa kwa ulaini uleule wa wimbo wa mazishi, najua kikundi kimepanga noti bila kusoma maneno, na sihitaji kusikiliza zaidi.

Baada ya hapo njoo kwenye sauti zenyewe. Katika uimbaji huu sauti inayobeba wimbo mara nyingi hukaa katikati, sauti ya tenori ikiwa juu yake na baritoni chini. Msikilizaji mgeni hufuata tenori, kwa sababu ndiyo inayong'aa. Wewe fuata baritoni. Huyo amepewa noti zilizobaki, hana wimbo wa kujishikiza, na akiyumba kidogo wimbo mzima unalegea bila wengi kujua kilichotokea. Sikiliza pia irabu. Noti zinaweza kuwa sahihi zote, lakini vinywa vikifunguka tofauti kwenye "o" moja, utasikia watu watatu waliosimama karibu. Vikifunguka sawa, na konsonanti ya mwisho ikafungwa kwa pamoja, sauti inakuwa moja, pana. Sons of the San Joaquin wa California walilipata hilo kwa damu: Joe na Jack Hannah ni ndugu, na Lon ni mwana wa Joe. Watatu wa kwanza wa Sons of the Pioneers hawakuwa ndugu. Walilipata kwa mazoezi, na mimi nalistahi zaidi lao.

Wasikilize katika "Cool Water" ya Nolan. Msafiri ana kiu jangwani, na kila anapotaja maji, sauti ya juu hulirudia neno hilo kwa mbali, nyuma yake. Sauti ile ni mazigazi. Ukiiondoa, jangwa linatoweka. Huo ndio upangaji wa sauti uliokamilika.

Lakini "Cool Water" si wimbo wa asili. Nolan, mzaliwa wa Winnipeg, Kanada, aliutunga mwenyewe, na jalada aminifu la albamu humtaja. Hata nyimbo za asili zina watu nyuma yake. "Goodbye Old Paint", aliyoirekodi mkusanyaji wa nyimbo John Lomax mwaka 1942 kutoka kwa mpiga fidla Jess Morris, ilimfikia Morris kupitia Charley Willis, kauboi mweusi. Makauboi weusi na Wameksiko walikuwa wengi katika safari zile. Albamu inayowafuta imepungukiwa, hata ikiimbwa vizuri namna gani.

Yodeli, ile sauti inayoruka ghafla kutoka kifuani hadi juu na kurudi, ipimwe kwa ukali. Mwimbaji Jimmie Rodgers ndiye aliyeieneza kwa santuri zake, na santuri hizo zilifika hata kwa Wakipsigis wa Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi huko wasichana wakiimba "Chemirocha", jina lililotokana na la Rodgers. Watatu wakipiga yodeli pamoja, sauti zote zivunjike kwa wakati mmoja. Mmoja akichelewa, ni afadhali wangeiacha.

Ala ziwe chache: gitaa, fidla, besi. Kwaya ya Norman Luboff ilirekodi nyimbo hizi miaka ya 1950 kwa ufundi mkubwa, ila kwa umati ule mimi simwoni tena yule mpanda farasi wa usiku.

Ukibaki na mashaka, tafuta rekodi ya Morris, yeye na fidla yake tu, uisikilize mara mbili. Halafu weka albamu unayotaka kununua, uangalie kama mwendo wake bado ni wa farasi anayetembea.