Nguzo 18 na Kona Mbili: Namna ya Kulipima Jengo la Klasiki

Mgeni anayefika mbele ya Altes Museum, Berlin, huanza kuhesabu nguzo. Ziko 18, za mtindo wa Ionia, zimejipanga kwenye uso wenye urefu wa mita 87 hivi. Hesabu hiyo haipimi ubora, maana mwenye fedha yeyote anaweza kusimamisha nguzo. Msanifu hupimwa konani. Taji la nguzo ya Ionia lina misokoto miwili inayotazama mbele, na ubavu wake haufanani na uso; kwa hiyo nguzo ya kona, inayotakiwa kutazama pande mbili, humlazimu mchongaji kuupinda msokoto mmoja kimshazari. Wagiriki wenyewe walihangaika na tatizo hilo. Karl Friedrich Schinkel, msanifu wa jumba hili la makumbusho lililojengwa kati ya 1823 na 1830, alilikwepa tatizo lenyewe: safu aliifungia kati ya ncha mbili za ukuta, nguzo zote zikatazama mbele. Hata paa la pembetatu, ambalo majengo mengi ya aina hii huvishwa bila sababu, hakuliweka. Kinachoipa safu uzito ni kivuli cha baraza lililo nyuma yake.

Wapo wanaosema jengo hili linadanganya. Ndani mna ukumbi wa mviringo wenye kuba, kwa mfano wa Pantheon ya Roma, ila aliye nje halioni kuba hilo, kwa kuwa limezungushiwa kuta za mraba juu ya paa. Lawama hiyo ingesimama kama uso wa jengo ungewajibika kutangaza kila kilichomo. Hauwajibiki. Kanisa kuu liko pale pale jirani, na makuba mawili yangegombea anga moja. Tena Schinkel hakuficha kila kitu: ngazi alizipandisha nyuma ya nguzo, mahali palipoachwa wazi, ili anayepanda ageuke na kuona bustani na mji kati ya nguzo. Baraza likawa na kazi.

Lawama ninayoikubali ni ya ubavuni, ambako jiwe la mbele linaachia nafasi matofali yaliyopigwa lipu. Huo ni ubahili, ingawa umefanywa kwa adabu. Basi ukikutana na jengo la namna hii, mahakama au benki, tazama kona kwanza, kisha lizunguke lote kabla hujalisifu.