Shibiri Kabla ya Rula

Shimanzi, Mombasa, ni mtaa wa mizani. Lori lenye shehena hupimwa, mafuta ndani ya matangi hupimwa, na magunia ya nafaka, chai inayongoja mnada na makontena ya futi 20 na 40 yote yana hesabu yake kwenye karatasi ya karani. Mtoto wa huko hupita katikati ya vipimo kila asubuhi akienda shule. Kisha hukaa darasani akaambiwa akariri kwamba sentimita 100 ni mita 1. Nawasifu walimu wasiokubali kuanzia hapo.

Mwalimu hodari huanza na kiganja. Kila mtoto apime dawati kwa shibiri. Mmoja apata saba, jirani yake nane na ushei, mwalimu mwenyewe tano. Zogo lazuka: nani kakosea? Mwalimu hajibu. Awaacha wabishane, wapime tena, wachunguze kama kidole gumba kilitua pale pale kilipoishia kile cha mwisho. Ustadi wote umo katika subira hiyo, kwani watoto wakishagundua kwamba hakuna aliyekosea, ila viganja havilingani, wenyewe huomba kipimo kimoja cha wote. Hapo ndipo itolewe kamba ya mita.

Njia hiyo wakubwa pia waliipita. Pwani nguo ilipimwa kwa dhiraa, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, na nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja. Fitri ya Ramadhani bado hutajwa kwa pishi, ijapokuwa mchele wenyewe twaupima kwa kilo. Wafaransa nao, walipochoshwa na vipimo vilivyobadilika mji kwa mji, katika miaka ya 1790 waliitafuta mita katika dunia yenyewe: sehemu moja ya milioni kumi ya masafa toka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la chaki uwanjani. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ina mita moja kamili kati ya chuma na chuma. Ile mpya, iliyofunguliwa 2017, ina milimita 1,435. Mwalimu asiwapeleke watoto relini. Achore reli zote mbili chini, waziruke. Aliyeivuka ya kwanza bila taabu ataijua tofauti kwa miguu yake kabla ya kuiandika daftarini. Kando yake achorwe kontena la futi 20, urefu wa mita sita na kidogo. Watoto wangapi wataenea humo wakilala kichwa kwa nyayo? Wakisie kwanza, makisio yaandikwe ubaoni, ndipo walale. Asiyekisia hupata jibu tu, wala hajui kama jibu lenyewe lina maana.

Uzito ni mgumu zaidi, kwa sababu jicho hudanganya. Henga ya nguo, vikopo viwili na uzi vyatosha kuwa mizani. Mfuko mkubwa wa makumbi huonekana mzito mpaka uwekwe mbele ya pakiti ndogo ya sukari. Halafu kila mtoto anyooshe mkono na pakiti hiyo ya kilo moja, ahesabu hadi uanze kutetemeka, ndipo aulizwe gunia la mahindi la kilo 90 ni pakiti ngapi. Darasani humo mna watoto wa wachukuzi. Huenda mmoja wao husoma kwa kigugumizi na hajawahi kunyoosha mkono. Siku hiyo ndiye atakayewaeleza wenzake gunia huinuliwaje na hukaa wapi mgongoni. Somo linalompa mtoto huyo nafasi ya kufundisha lina thamani kubwa machoni pangu.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa Kenya mwaka 2019, unataka kazi za mikono kama hizi. Lakini mtaala haumwagi maji sakafuni. Anayeyamwaga, akayapangusa, akajaza tena chupa za nusu lita mpaka mtungi wa lita 20 ufurike, ni mwalimu mwenye watoto hamsini na dakika chache. Mwalimu mkuu akisikia kelele asidhani darasa limemshinda. Aingie, aulize walikisia chupa ngapi.