Sifa ya Tabibu Anayeuliza

Embulbul iko njiani kuelekea Ngong, pale jiji la Nairobi linapokutana na nchi ya wafugaji. Kwa hiyo benchi moja la kliniki laweza kukaliwa na mama aliyerudi juzi kutoka matangani Busia, kijana wa mjengo anayekunywa maziwa ya pakiti, na mzee aliyemzalisha mbuzi kwa mikono mitupu. Wote wana homa, kichwa kinawagonga, viungo vimelegea. Malaria, taifodi na brusela, ugonjwa wa mifugo na maziwa mabichi, huanza hivyo hivyo. Ustadi ninaousifu ni wa tabibu anayeweza kuwatofautisha watu hawa kabla hawajatolewa damu, kwa sababu bila ustadi huo hata kipimo hupotosha.

Chukua kipimo cha brusela kilichozoeleka katika maabara nyingi ndogo. Majimaji ya damu huchanganywa na tone la rangi lenye bakteria waliouawa, kibao kikatikiswa taratibu, kisha mpimaji akatazama kama mchanganyiko umefanya chembechembe. Ni kazi ya dakika chache, na wapimaji wawili wanaweza kutofautiana juu ya kibao kimoja. Utafiti wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kipimo cha aina hii kikidai kwamba karibu mgonjwa 1 kati ya 5 ana brusela, hali kipimo kingine cha brusela, kiitwacho Rose Bengal, hakikufikisha hata 1 kati ya 100. Kweli, Kajiado, kaunti iliyo na Embulbul, ina wafugaji wengi kuliko huko, maziwa mabichi hunywewa, na brusela ipo. Ndiyo maana jibu lilelile la maabara lina uzito kwa mzee wa mbuzi na karibu halina uzito kwa kijana wa maziwa ya pakiti. Widal, kipimo cha taifodi cha tangu 1896, kina udhaifu wa jamii hiyo: hunasa hata kingamwili za ugonjwa uliokwisha zamani. Naye mama wa Busia asipoulizwa safari yake, malaria itasahaulika, maana huku Ngong kwenye baridi watu hawaitarajii.

Kukosea hapa kuna gharama kubwa. Brusela hutibiwa kwa doksisaiklini wiki 6, pamoja na rifampisini au streptomaisini. Dawa hizo mbili za mwisho ni za kifua kikuu pia, na kifua kikuu cha uti wa mgongo huleta maumivu ya mgongo, homa za jioni na jasho la usiku, sawa na brusela. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyebandikwa jina la brusela atapata nafuu ya muda, huku vijidudu vikizoea dawa. Tabibu hodari hubonyeza mgongo pingili kwa pingili, huuliza nani nyumbani anakohoa, na hupima uzito kabla hajaandika dawa yoyote.

Wapo watakaosema foleni ni ndefu na mgonjwa asiyepewa dawa ataishia kwa kemisti. Ni kweli, na lawama si ya tabibu peke yake. Lakini kuuliza kuhusu maziwa, mifugo, safari na siku za homa ni jambo la dakika mbili, na kunaokoa wiki 6 za dawa zisizohitajika. Hoja nzito zaidi ni kwamba kusubiri huua. Nayo naikubali: aliyekakamaa shingo, anayeweweseka au anayehema mbio hupewa tiba mara moja, maswali yakifuata nyuma. Kumtambua huyo asiyeweza kungoja ni sehemu ya ustadi uleule, na hakuna kibao cha maabara kinachomtambua.

Basi ukipatwa na homa, mweleze tabibu ulikotoka, maziwa uliyokunywa na mnyama uliyemshika, hata asipokuuliza. Na akikuuliza mengi kabla ya kukutuma maabara, usimwone mzembe, mjibu yote.