"Amri" na "Agizo": Maneno Mawili, Kazi Mbili

Wafasiri wengi wa maandishi ya kompyuta huita kila neno la kuiendesha mashine "amri". Tafsiri hiyo yafaa kwa ganda la Unix, yaani programu inayopokea maneno ya mtumiaji na kuyafikisha kwenye kiini cha mfumo: mtu huandika, hujibiwa, kisha huandika tena. Haifai kwa kazi za mafungu za kompyuta kuu, ambazo maelekezo yake yote hukabidhiwa mapema, na mwenyewe akaondoka.

Tofauti hiyo si ngeni kwetu. Mzee wa Kisarawe anayempa kijana orodha ya vitu vya kununua Kibaha, naye akabaki nyumbani, ametoa agizo. Akifuatana naye sokoni na kumwambia, "Chukua hili, lile liache," ametoa amri, na kosa hurekebishwa papo hapo.

Upungufu wa istilahi hudhihirika mambo hayo mawili yanapokutana. Katika mfumo wa z/OS wa IBM, programu iitwayo BPXBATCH huitwa kwa agizo la kazi ya fungu, na agizo hilo hubeba ndani yake amri ya kupelekwa kwenye ganda. Amri ikishindwa na kurudisha namba 1, taarifa ya kazi huonyesha 256, kwa kuwa namba hiyo huzidishwa mara 256. Msomaji aliyefundishwa kwamba yote ni "amri" hatajua aanze kutafuta kosa wapi.

Kwa hiyo twapendekeza "agizo" litumike kwa kazi za mafungu, na "amri" kwa ganda. Maneno tunayo, kilichopungua ni uangalifu wa kuyagawia kazi.