Jicho la Fundi

Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi kisiwani Lamu, chombo huinuka ufukweni bila mchoro. Karatasi ya vipimo hakuna. Kuna mkuku uliolazwa juu ya magogo, kuna uzi, na kuna jicho la fundi.

Mtazame akitafuta taruma, ule ubavu wa jahazi. Mti ulionyooka hautaki. Analizunguka gogo lililopinda, anafumba jicho moja, anapitisha kiganja kwenye mpindo, kisha analigonga kwa kisigino cha tezo asikie mlio. Pengine analipita bila neno. Ukimuuliza amejuaje, atakuonyesha gogo lilelile, kana kwamba jibu liko pale mtini. Na kweli liko: mti uliokua umepinda, nyuzi zake hufuata mpindo. Tao likichongwa kwenye ubao ulionyooka, tezo huzikata nyuzi za ubao huo, na hapo ndipo wimbi litakapopasulia.

Wengi huita hayo machale, au kipaji. Ni heshima pungufu kwa mtu aliyeshika tezo tangu utotoni.

Sataranji inaonyesha kwa nini. Mwaka 1946, Adriaan de Groot wa Uholanzi alichapisha utafiti kuhusu wachezaji wake. Kwa sekunde chache tu aliwaonyesha mchezo uliofika katikati, kisha akauondoa. Mabingwa waliweza kuupanga upya karibu wote. Wachezaji wa kawaida walipotea. Mwaka 1973, William Chase na Herbert Simon wa Marekani waliongeza mtego: kete zikatawanywa ovyo ubaoni. Ubingwa ukayeyuka. Kumbe bingwa hakuwa na kumbukumbu ya ajabu. Alikuwa akitambua sura alizokwisha kukutana nazo mara nyingi mno. Fundi naye hutambua gogo hivyohivyo.

Daniel Kahneman, aliyeyashuku machale ya wataalamu, na Gary Klein, aliyeyathamini baada ya kuwachunguza makamanda wa zimamoto, waliandika pamoja mwaka 2009. Walikubaliana kwamba machale huaminika pale mambo yanapokuwa na utaratibu wake, na kosa linapojitokeza mapema likamfunza mtu. Ufukweni yote mawili yapo. Mbao zina tabia zake, na chombo kikishushwa majini, mshono mbovu huvuja siku hiyohiyo.

Ndiyo maana saa ya kutia kalafati inapendeza kuitazama. Mwanagenzi anashindilia pamba yenye mafuta kati ya mbao, patasi na nyundo mkononi, ko, ko, ko. Fundi amempa mgongo, ananoa tezo. Mlio mmoja unatoka mzito kidogo. Fundi anageuka, anainama, anaivuta pamba yote nje, na kumwachia kijana nyundo.